Mama mpiga picha jangwani: ihamishie kazi alfajiri

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine miezi tisa, na kazi yangu ni kupiga picha za familia. Tumehamia jangwani hivi karibuni. Wateja nimeshaanza kuwapata, ila wote wanataka jioni jua linapozama, na saa hiyo ndiyo wanangu wanaponing'ang'ania. Nikipiga mchana, macho yanatoka meusi na ngozi inapauka. Vumbi nalo limeshaingia hadi ndani ya kamera. Nipange vipi siku yangu ili kazi iende na watoto wasiumie? Na je, naweza kwenda nao kazini?"

Mama mwenzangu, pole na pilikapilika za kuhama. Karibu yote uliyouliza yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni saa unayoichagua. Kwa hiyo naanza na ushauri ambao sitaulegeza: kazi yako ya nje ihamishie alfajiri. Mchana uwe wa watoto na kazi za ndani. Jioni itumie mara chache, pale inapobidi.

Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Mwanga ule wa dhahabu ambao wateja wako wanaupenda hupatikana jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa macho, na katika majangwa ya joto kama Sahara jua hupanda na kushuka kwa mwinuko mkali, kwa hiyo mwanga huo hudumu kama nusu saa tu. Ulikotoka pengine mawingu, miti na unyevu wa hewa vilikuwa vikikuchujia mwanga hata saa nne asubuhi. Jangwani hakuna kinachouchuja. Jua likishapanda kidogo, vivuli vinakuwa vikali. Chukua basi dakika 20 kabla ya jua kuchomoza, mbingu ikiwa imeshapata rangi, ongeza ile nusu saa ya dhahabu, ongeza tena dakika kama 20 ambazo bado zinafaa ukiwageuza watu vizuri. Unapata saa moja na ushee. Familia yenye watoto wadogo haihitaji zaidi, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hatabasamu kwa saa mbili hata umpe nini.

Utaniambia jioni jua ni lile lile. Ni kweli, ila mengine yote ni tofauti. Usiku ardhi ya jangwa hupoa haraka kwa kuwa hakuna mawingu wala unyevu wa kuzuia joto lisipotee angani, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa nayo, ikawa nzito na kutulia. Ndiyo maana alfajiri upepo huwa mdogo. Mchana ardhi ikishapata moto, hewa hupanda na kuchanganyika na upepo wenye kasi wa juu, vumbi likaamka. Jioni unapiga picha ndani ya vumbi la siku nzima, kwenye mchanga ambao bado una joto, na watoto wa mteja wameshachoka kama wako. Alfajiri wameamka sasa hivi, wamelala vya kutosha, na kutembea kwenye mchanga baridi kwao ni mchezo tosha. Wala hutahitaji midoli.

Halafu kuna nyayo, jambo ambalo wapiga picha wengi wanaohamia jangwani hulifikiria wakiwa wameshachelewa. Mara nyingi upepo wa jana jioni umeshalainisha tuta lote, na alfajiri unakuta mchanga umejipanga kwa mistari midogo midogo ya mawimbi. Jua likiwa chini na likipiga kutoka ubavuni, kila mstari unapata kivuli chake, na tuta zima linakuwa na umbo. Mtoto mmoja akikimbia hapo kabla hujapiga, imekwisha, labda uhamie tuta jingine. Kwa hiyo egesha gari mbali na upande utakaoupiga. Waambie wazazi, kabla milango haijafunguliwa, kwamba hakuna kutangulia. Wewe zunguka kwa nyuma ufike mahali pako, familia ibaki ilipo, kisha uwaite waje kuelekea kwako. Mchanga ulio mbele yao utakuwa safi na nyayo zote zitabaki nyuma yao. Picha hizo za mchanga safi zimalize kwanza, halafu ndipo uwaachie watoto. Upande unaotazama upepo mchanga wake ni mgumu, unafaa kwa bibi na kwa mama aliyebeba mtoto. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika kwa mwinamo wa kama nyuzi 34, ni laini mno, na hapo ndipo watoto watateleza na kucheka bila wewe kuwaambia wacheke.

Majangwa hayafanani, na hili linabadilisha mpango wako. Kama uko kwenye jangwa la pwani kama Namib au Atacama, asubuhi nyingi utakuta ukungu umetanda kutoka baharini. Usiahirishe. Ukungu ni mwanga laini wa bure, na nguo za rangi kali huonekana vizuri sana ndani yake. Kama uko kwenye jangwa la baridi kama Gobi, ambako majira ya baridi halijoto hushuka hata chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ushauri wangu wa alfajiri hauna maana wakati huo wa mwaka. Piga saa sita au saa saba, maana hata mchana jua huwa chini. Na popote ulipo, angalia saa za jua kuchomoza mwezi kwa mwezi. Karibu na latitudo ya 30 siku ya Juni na siku ya Desemba hupishana kwa takriban saa nne za mwanga, na wateja wako lazima walijue hilo mapema.

Sasa macho meusi na ngozi kupauka. Macho yanakuwa meusi kwa sababu jua liko juu ya kichwa na nyusi zinatupa kivuli kwenye mashimo ya macho. Ngozi inapauka unapojaribu kuokoa vivuli hivyo kwa kuongeza mwanga wa picha nzima. Kamera nayo inadanganyika. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kitu duniani kina weupe wa wastani, kwa hiyo kikiona mchanga mwingi unaong'aa huifanya picha iwe giza, na nyuso ndizo zinazoumia zaidi. Ukiwa na mchanga mweupe kwenye fremu, ongeza mwanga hatua moja juu ya ile iliyopendekezwa na kamera, halafu angalia uso, usiangalie mchanga. Kwa ngozi nyeusi ningependa uwe makini zaidi: pima mwanga usoni kwa karibu, funga kipimo hicho, kisha rudi nyuma upange fremu. Mbingu ikipauka kidogo, iache ipauke. Hakuna mama aliyelipia picha ya mbingu.

Wasimamishe jua likiwa mgongoni mwao. Nywele zitapata ukingo wa mwanga, na uso utamulikwa na mchanga wenyewe, ambao unarudisha mwanga kutoka chini na kujaza yale mashimo ya macho bila wewe kubeba ubao wa kuakisi. Tatizo lake ni rangi. Mchanga mwekundu humulika kidevu na shingo kwa wekundu, na kamera ikiachiwa ichague rangi yenyewe itabadilisha mawazo kila fremu. Weka rangi ya mwanga kwenye alama ya jua uiache hapo, ili ukirekebisha picha moja kwenye kompyuta uzirekebishe zote. Kitambaa kikubwa cheupe kilichotandikwa miguuni mwao, nje ya fremu, pia hupunguza wekundu huo. Kwa watoto wanaokunja uso kwa mwanga, waambie wafumbe macho, hesabu hadi tatu, wafumbue, na hapo hapo ubonyeze. Una kama sekunde moja ya macho yaliyo wazi kabisa.

Nguo ni fupi kueleza: wasivae rangi ya mchanga. Buluu, kijani kilichokolea, nyekundu ya matofali, hata nyeupe, zote zinafaa.

Kwenda na watoto kazini. Wa miaka minne anaweza, siku moja moja, na mara nyingi atakusaidia kuwachangamsha watoto wa mteja. Wa miezi tisa asiende isipokuwa kuna mtu mzima mwingine ambaye kazi yake pekee siku hiyo ni yeye. Nakuambia hivi kwa uzito kwa sababu jicho lako likiwa kwenye kamera huwezi kumwona mtoto anayetambaa, na jangwani mambo hubadilika haraka. Usimbebe mgongoni au kifuani ukiwa unapiga picha kwenye joto. Joto la mwili wako na lake yanajumlishana, na wewe umezama kazini, hutamhisi anavyopata moto. Kigari chake usikifunike kwa kanga wala blanketi, hata jepesi. Hewa ndani haizunguki na joto hupanda upesi. Tumia mwavuli unaoacha hewa ipite. Ujue pia kwamba mwavuli peke yake hautoshi, kwa sababu mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya jua inayounguza ngozi, inayompata kutoka chini. Mpake mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, urudie kila baada ya saa mbili, mvishe kofia pana na mikono mirefu ya pamba. Akiwepo mteja mwenye mtoto wa chini ya miezi sita, huyo ni wa kivulini tu. Kwa umri huo mafuta hayo kwa kawaida hayashauriwi, na maji pia hapewi, ananyonya mara nyingi zaidi. Na wewe unayenyonyesha kunywa maji kabla ya kiu. Hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo unaweza kupoteza maji mengi na nguo zako zikabaki kavu.

Gari nalisema peke yake. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kufungua kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Usimwache humo hata unapochukua lenzi uliyoisahau. Mtoto akionekana amelegea, ngozi inawaka, anatapika au hakuitikii kama kawaida, kazi imesimama. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mloweshe maji, mpepee, na uombe msaada wa daktari ukiwa unaendelea kumpoza.

Kwa upande mwingine, alfajiri ya jangwani inaweza kuwa ya baridi kweli. Si ajabu usiku na mchana kupishana kwa nyuzi 15 hadi 20. Waandikie wateja walete sweta za kuvua, na uzikague rangi zake, maana hizo sweta ndizo zitakazoonekana kwenye nusu ya picha. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge. Na makorongo makavu ya mito, hata yanavyopendeza kwa picha, usiwapeleke watoto humo kukiwa na dalili ya mvua. Mvua inaweza kunyesha mbali huko milimani na maji yakafika mlipo chini ya mbingu safi.

Vumbi. Mchanga mwingi wa jangwa ni madini ya kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yako 7, na kioo cha kawaida kiko kama 5.5. Yaani chembe moja chini ya kitambaa inatosha kukwaruza. Kwa hiyo kabla kitambaa hakijagusa lenzi, puliza. Tumia kipira cha kupulizia, kamera ikiwa imeinamishwa uso chini ili kinachotoka kidondoke, kisha brashi laini, kitambaa kiwe cha mwisho. Usipulize kwa mdomo, utaacha mate. Weka kioo kimoja cha kinga mbele ya kila lenzi, kwa sababu ni nafuu kubadilisha hicho kuliko lenzi.

Kubadilisha lenzi ndiko kunakoingiza vumbi hadi kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na dawa ya kweli ni kutobadilisha. Chagua lenzi moja nyumbani uende nayo, ile ya kuvuta kati ya milimita 24 na 70 au 24 na 105, na kama una kamera ya pili iwe na lenzi ndefu tayari. Ikibidi kubadilisha, ingia ndani ya gari, zima feni, funga milango, zima kamera, tia mikono yote miwili ndani ya mfuko wa plastiki ulio safi ukiwa na kamera na lenzi ya pili iliyokwisha kulegezwa kifuniko, ubadilishe humo kamera ikitazama chini. Ukizoea ni sekunde chache. Ukirudi nyumbani fanya kipimo: funga tundu la lenzi liwe dogo, hadi f/16, piga picha ya mbingu tupu bila kulenga kitu, ikuze kwenye kompyuta. Madoa meusi yaliyo mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi la sensa. Puliza kwanza, ujaribu tena. Yasipotoka, mpelekee fundi wa kamera, usiguse sensa kwa pamba. Hewa kavu pia hujenga umeme tuli, na kadiri unavyosugua ndivyo vumbi linavyong'ang'ania.

Kamera nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 hivi. Iweke kivulini, betri za akiba zikae kwenye mfuko mwepesi wa rangi nyeupe, si kwenye dashibodi. Na usiiweke mezani lenzi ikiwa wazi au kitazamio chake kikielekea jua. Vioo hukusanya miale, na vinaweza kuunguza skrini ndogo ya ndani au pazia la kamera ndani ya muda mfupi. Kifuniko kirudi kila unapoishusha, hata kama ni kwa ajili ya kumfunga mtoto kamba ya kiatu.

Sasa mchana, ambao watu huuona wa kupoteza. Kwanza ni wa usingizi. Mtoto wa miezi tisa bado analala mchana, na jangwani kila mwenye akili anajificha saa hizo, kwa hiyo kwa mara moja ratiba ya mtoto na ya kazi hazigombani. Nakili picha za asubuhi mara mbili kabla hujafuta kadi, na nakala ya tatu ikae nje ya nyumba. Hariri akilala. Akiamka, funga kompyuta.

Lakini kuna zaidi. Chumba chenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, huku ardhi nje ikiwa inawaka, ni studio. Mwanga unagonga mchanga, unapanda, unaingia dirishani kutoka chini, unagonga dari na kushuka ukiwa umelainika. Zima taa za ndani zisichanganye rangi, sogeza kitanda au mkeka hatua mbili kutoka dirishani, mweke mama na mtoto mchanga ubavu wao ukielekea mwanga. Picha za watoto wachanga, za kunyonyesha, za bibi akisuka nywele, zote zinawezekana saa saba mchana ndani ya nyumba ya mteja penye hewa nzuri. Ningekuwa wewe ningeiuza hiyo kama huduma kamili, kwa bei ile ile ya nje. Kwa mama mwenye watoto wadogo ndiyo kazi salama kuliko zote, na inaonyesha maisha ya familia yalivyo, maana jangwani watu hukaa ndani sehemu kubwa ya siku.

Na chumba hicho hicho tumia kwa wanao. Weka kamera kwenye stendi, washa kipima muda ijipigie kila baada ya sekunde 10, kisha ingia kwenye fremu uendelee kumlisha mtoto. Albamu za wapiga picha mara nyingi hazina mama, na wanao watakutafuta humo.

Kuhusu wateja wanaong'ang'ania jioni, usibishane nao, waelekeze tangu wanapoulizia. Waandikie hivi: "Picha za nje napiga alfajiri, tunakutana dakika 30 kabla ya jua kuchomoza. Mchanga unakuwa safi, hakuna upepo mwingi na watoto wanakuwa wachangamfu. Kukiwa na dhoruba ya vumbi tunahamisha siku bila malipo ya ziada. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, tutapigia nyumbani kwenu mchana." Waambatishie na picha mbili za alfajiri, moja ya karibu na moja ya mbali. Wengi watakubali wakiona mchanga usio na nyayo. Atakayesema baba anarudi kazini jioni, mkubalie, ila fika mapema utafute upande wa tuta au mwamba ulioingia kivulini zamani, na kabla watoto hawajavua viatu weka nyuma ya mkono wako juu ya mchanga kwa sekunde 5. Siku za joto kali mchanga wa juu unaweza kupita nyuzi 60 mchana, na hadi jioni unaweza kuwa haujapoa vya kutosha. Ukishindwa kuvumilia, viatu vibaki miguuni.